Koti la Mishono ya Nje

Hakuwa na mke, kwani aliyekuwa naye alitangulia mbele ya haki zamani. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Hakuwa na meno matatu ya upande wa kushoto, ndiyo maana alicheka kwa upande wa kulia. Hakuwa na nywele za kuchana, wala kiti cha kuegemea, maana fundi anayeegemea, alisema, hushona usingizi. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Alichokuwa nacho ni cha madarasa ya jioni, nacho alikitundika juu ya cherehani baada ya kupima ukuta kwa uzi uliofungwa kifungo, kisije kikalala upande. Hakuwa na suti ya pili. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na uwezo wa kuona mshono uliopinda akaupita kimya.

Kwa ugonjwa huo wa mwisho watu walimsamehe, hata wakampenda. Ndani ya ukosi wa koti lake zilikaa sindano mbili siku zote, moja na uzi mweupe, nyingine na uzi mweusi. Harusini alimvuta bwana harusi pembeni akamrekebishia pindo la suruali huku wageni wakisubiri. Msibani aliwahi kumshonea kifungo mzungumzaji, naye mzungumzaji hakuacha kuzungumza. Wakamwita Mzee Pasi, kwa kuwa hata siku ya mvua suruali yake ilikuwa na mstari wa kukatia mkate.

Aliishi na dada yake na binti wa dada yake katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Dada huyo alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha sare: sare za shule, za hospitali, za walinzi. Hakushona sare nzima hata moja. Alishona kola. Kola inakuja, kola inakwenda, na anayeivaa hajulikani. Macho yalimwisha taratibu kama sabuni, hata sasa aliwaona watu kama vivuli na kuwatambua kwa nyayo. Kule kiwandani hawakumwita kwa jina. Walimwita kwa namba iliyoshonwa kwenye aproni yake, mia nne kumi na saba.

Binti alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ubunifu wa mavazi. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha kutia uzi kwenye tundu la sindano akiwa na miaka sita. Mkono alikuwa nao, tena mwepesi. Tatizo, kwa Mzee Pasi, lilikuwa uso. Binti aliuchukua uso wake kama ubao wa darasani: leo anaandika hili, kesho anafuta anaandika lile. Siku moja kope za bluu mpaka kwenye nyusi. Siku nyingine mdomo wa kijani. Wiki ile wafagiaji wa barabara walipofukuzwa kazi wote kwa siku moja, alijipaka jivu mashavu yote mawili akaenda nalo chuoni. Mjomba wake alimpa kitambaa ajifute, akidhani ameinamia jiko.

Asubuhi walitoka nyumbani pamoja, kwa kuwa njia ya chuo ilipita mbele ya kibanda cha fundi. Walipofika kona ya soko, Mzee Pasi aliinama.

"Tangulia, mama. Nafunga kiatu."

Kiatu hicho alikifunga kila asubuhi kwa miaka mitatu, nacho hakikuwa na kamba.

Muuza vifungo, jirani yake wa kibanda, hakukosa neno. "Mzee Pasi, mpwa wako leo kanywa wino?"

"Vijana wa siku hizi, ndugu yangu. Mimi nashona tu, sipaki rangi."

Wakacheka. Binti alikuwa hajafika mbali. Mgongo wake ulisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga kokoto, kisha ukaendelea. Mzee Pasi aliuona ule mgongo, akajitia kutafuta chaki.

Kazi ya mwisho ya binti, ya kuonyeshwa mbele ya watu na watahini, ilikuwa koti. Kanuni ya chuo ilikuwa moja: kila mshono uwe wa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, na atakayesaidiwa afutiwe. Alilishona chumbani kwake kwa miezi miwili, mlango umefungwa. Mjomba alipouliza, alijibiwa, "Utaliona siku yake, mjomba." Mzee Pasi hakuuliza tena, ila alijua usiku wa kuamkia maonyesho hatapata usingizi kwa furaha. Mpwa wa Mzee Pasi anaonyesha koti. Mji mzima utajua mkono umetoka wapi.

Siku moja kabla ya maonyesho, binti aliondoka mapema kwenda kufanya mazoezi ya kuwapaka wanamitindo nyuso. Mama yake binti alikuwa kliniki ya macho. Mzee Pasi alirudi saa tano kuchukua mkasi wake mdogo ambao binti aliuazima, akakuta mlango wa chumba uko wazi na koti limetundikwa kwenye kabati.

Alisimama pale muda mrefu.

Koti lilikuwa la vipande vya sare kuukuu, nyeupe ya wauguzi, bluu ya shule na kaki ya walinzi. Hilo halikumsumbua, kiraka kikipangwa vizuri ni urembo. Lakini mishono yote ilikuwa nje. Kingo mbichi za kitambaa zilichungulia kama utumbo. Nyuzi zilining'inia. Mshono wa ubavuni ulianza umenyooka, ukifika kiunoni ukaanza kuyumba, na chini kabisa ulikuwa umelewa. Mkono mmoja ulizidi mwenziwe kwa vidole vitatu. Alama za chaki hazikufutwa. Mgongoni na mabegani kulikuwa na lebo chakavu za kitambaa, kumi na moja, kila moja na namba yake, zimeshikizwa kwa mishono miwili miwili, kama takataka za kiwanda ambazo mtu alisahau kuzibandua.

Mzee Pasi aliketi kitandani. Kitu cha kwanza alichokiona akilini hakikuwa uso wa mpwa wake. Kilikuwa uso wa muuza vifungo. Alisikia na sauti yake: hii ndiyo kazi ya nyumba yako, Mzee Pasi?

"Maskini," alisema kwa sauti. "Muda umemwishia, akaona haya kusema."

Akachukua wembe.

Alifumua kuanzia begani, na lebo zile alizitupa kwenye ndoo. Aligeuza mishono ndani, akazungushia kingo uzi, akatia ndani bitana ya hariri ya bandia aliyoiweka miaka minne akingoja kazi inayostahili. Alikata vile vidole vitatu. Alipiga pasi juu ya kitambaa chenye maji mpaka mabega yakakaa kama yamezaliwa na koti. Alishona akiimba chinichini, kwa upande wake wa kulia. Saa kumi na moja alikuwa amemaliza. Akalitia koti katika mfuko wa nguo, akafunga zipu, akalitundika palepale. Ndoo akaimwaga kwenye gari la taka lililokuwa likipita.

Binti alirudi amechoka, akauona mfuko. "Umelifunika, mjomba?"

"Lisipate vumbi."

"Asante, mjomba," alisema, akambusu kipara.

Maonyesho yalikuwa saa nane mchana katika ukumbi wa chuo. Mzee Pasi alivaa ile suti yake moja. Kushoto kwake alikaa dada yake. Kulia kwake alikaa mama mmoja wa makamo mwenye miwani na daftari mapajani, mtu mpole, aliyemsogezea kiti. Nguo zilipita moja moja. Mzee Pasi alizihesabia makosa kimoyomoyo, akaona hakuna wa kumtisha.

Kisha koti likatoka.

Yeye aliona mabega tu. Mabega yalipita mbele ya watu mia tatu bila mkunjo hata mmoja, na kifua chake kikajaa hata akashindwa kukizuia. Akamwinamia yule mama mwenye daftari.

"Tazama mabega yale, mama. Umewahi kuona? Hiyo ni kazi ya mikono hii."

"Yako wewe?"

"Yangu mimi. Jana tu. Binti ni mpwa wangu."

Yule mama alimtazama, akatazama koti, akaandika. Mzee Pasi alifurahi kuona ameandikwa.

Msomaji wa kipaza sauti akaanza. "Kazi hii inaitwa Upande wa Ndani. Mbunifu anasema hivi: kila nguo ina upande tunaouonyesha na upande tunaouficha. Mimi nimeugeuza. Fuateni mshono wa ubavuni, muone jinsi mkono unavyochoka kuanzia asubuhi hadi jioni. Someni mgongoni namba za wanawake kumi na mmoja waliotuvika sisi sote, na ambao hatukuwahi kuwauliza majina."

Hapo ndipo Mzee Pasi alipoinua macho kutoka mabegani hadi usoni.

Mwanamitindo alikuwa amepakwa wekundu kuzunguka macho, kama mtu aliyekesha wiki nzima juu ya cherehani. Midomo ilifunikwa kwa poda mpaka ikapotea; alikuwa mtu asiye na mdomo. Kutoka sikioni hadi kidevuni ulipita mshono wa wanja, ukianza umenyooka, ukayumba, ukalewa. Alikuwa ni dada yake. Si sura, sura ilikuwa ya msichana mwingine kabisa. Alikuwa dada yake akiingia mlangoni saa moja jioni, miaka ishirini na miwili, akiomba maji kwa kuonyesha kikombe. Na chini ya uso ule lilining'inia koti safi la kwenda harusini.

Mwanamitindo, kama alivyofundishwa, aligeuka polepole akawapa watu mgongo, akasimama ili wasome. Shingo zikainuka. Mgongo ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

Mtu wa nyuma akasema, "Labda namba zimekwenda likizo." Kicheko kikaanza kwake kikaenea ukumbi mzima, si cha ubaya, kile tu cha watu waliochoka kukaa.

Dada yake alimgusa mkono. "Kaka, wanacheka nini?"

"Hakuna kitu."

"Namba yangu ni ya kwanza, bega la kulia. Mtoto aliniambia. Aliibandua kwenye aproni yangu akaishona. Ipo?"

Mzee Pasi alikuwa na uwezo wa kusema neno moja la kweli. "Ipo," alisema.

"Inasomeka?"

"Inasomeka vizuri."

Dada yake alikunja mikono mapajani, akatabasamu kuelekea upande zilikotoka sauti. Mzee Pasi alitamani sakafu ifumuke.

Walimkuta binti uani, kando ya bomba la maji. Na yeye uso wake ulikuwa umepakwa vilevile, macho mekundu, mdomo umefutika, mshono shavuni. Alimkalisha mama yake kwenye benchi, akamwambia angoje kidogo, akamvuta mjomba wake mpaka nyuma ya ukuta.

"Ulidhani nimekosea," alisema.

"Nilidhani muda umekwisha, mama. Nilidhani..."

"Ule mshono wa ubavuni, mjomba. Ilinichukua wiki mbili. Mkono wangu ulikuwa unakataa. Wewe uliufundisha kunyooka. Ikabidi nimwombe mama ashone kitambaa kingine nikiwa nimemshika bega, nione mahali anapochoka. Unajua kushona kama mtu aliyechoka ni kazi kiasi gani?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia wakati gani? Njiani? Njiani wewe hufunga kiatu."

Mzee Pasi alitazama viatu vyake.

"Nilifungua mfuko robo saa kabla ya zamu yangu," binti aliendelea, sauti yake ikiwa chini. "Wenzangu walisema nisilitoe. Nikasema mjomba yupo ukumbini na suti yake, atalingoja. Sasa watahini wameniita. Mmoja alikaa karibu nawe, mama wa daftari. Anasema mzee mmoja amemwambia koti ni lake."

"Uliwajibu nini?"

"Kwamba nimeshona mwenyewe. Kwamba mjomba wangu ni mtu wa utani."

"Kwa nini hukuwaambia nimeliharibu?"

Alijifuta shavu kwa kiganja, na mshono wa wanja ukachafuka ukawa doa. "Niseme nini, mjomba? Fundi Mzee Pasi ameona koti, hakujua anatazama nini? Mji huu wote unavaa nguo zako. Nimeshindwa." Akavuta pumzi. "Wanataka maelezo ya maandishi kabla ya Ijumaa ijayo. Nisipoandika wananifuta. Sitaandika. Nikisema kweli nakuvua nguo wewe. Nikisema uongo navua za kwangu."

Akaenda kumshika mama yake mkono. Walirudi nyumbani watatu. Mzee Pasi alitembea nyuma, kwa kuwa hakujua sasa atembee wapi.

Asubuhi alimkuta muuza vifungo amemfagilia mbele ya kibanda. "Hongera. Nimesikia koti lenu limechekesha watu. Ndiyo sanaa ya siku hizi."

Alisubiri jibu la kawaida. Mzee Pasi alifungua mdomo, akaona jibu liko tayari pale ulimini, limepigwa pasi. Vijana wa siku hizi, ndugu yangu. Akafunga cherehani, akateremsha pazia la kibanda, akarudi nyumbani saa tatu asubuhi kama mgonjwa.

Dada yake alikuwa jikoni anachambua mchele kwa vidole. Mzee Pasi aliketi mbele yake.

"Dada, namba yako haikuwepo."

Vidole vikaendelea.

"Niliibandua. Zote kumi na moja. Nikaona uchafu. Nikalinyoosha koti. Pale ukumbini nilikudanganya."

"Nilijua kuna jambo," alisema dada yake. "Mtu hamwambii kipofu inasomeka vizuri. Husema tu inasomeka." Akatoa kijiwe, akakiweka kando. "Zilikwenda wapi?"

"Gari la taka."

Dada yake akasawazisha mchele kwenye sinia. "Kola zangu wamevaa watu elfu na maelfu, kaka. Sikuwahi kungoja shukrani ya hao, hawakuniona. Wewe uliniona nikiingia mlangoni kila jioni. Kisha ukamwona mtoto amenichora, ukachukua wembe." Akasukuma sinia. "Niache nimalize mchele."

Mzee Pasi alikwenda chumbani, akaketi na karatasi. Barua rasmi alizijua. Mwalimu wa jioni alimpa alama tisa kwa kumi. Ya kwanza ilianza: Katika jitihada za kumsaidia mwanafunzi tajwa hapo juu. Alipoisoma aliona amejishonea bitana. Akaichana.

Ya pili ilisema yeye ni mzee, macho na kumbukumbu vimepungua, na siku hiyo hakujua atendalo. Hiyo ilikuwa nzuri. Ingesamehewa na kila mtu. Mkuu wa chuo angetikisa kichwa kwa huruma, binti angepata cheti chake, na muuza vifungo angemletea matunda. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Kisha akaishika mikono yake miwili mbele ya dirisha. Haikutetemeka. Ilikuwa mikono ya mtu aliyejua kabisa alichokuwa akifanya. Akaichana na ya pili.

Ya tatu aliiandika moja kwa moja, bila rasimu.

*Kwa Mkuu wa Chuo. Kuhusu koti la mpwa wangu.*

*Mimi ndiye mzee aliyesema koti ni lake. Nilijisifu, na nilichojisifia ni uharibifu. Binti alishona koti lote peke yake, likakamilika. Siku moja kabla ya maonyesho, yeye akiwa hayupo, bila kumwambia, nililifumua na kulishona upya kwa sababu niliona aibu. Sikuwa mgonjwa wala sikuchanganyikiwa. Nilidhani najua nguo kuliko yeye.*

*Ushahidi upo. Kitambaa kizito cha sare hakisahau sindano. Lishikeni koti dirishani, mtoe bitana, mtaona matundu ya mishono yake kando ya yangu. Yangu yamekaribiana. Yake yanaanza kwa kukaribiana, yakishuka yanaachana, kama mkono unaochoka. Mtu asiyejua hawezi kushona hivyo kwa kubahatisha. Mimi ni fundi wa miaka arobaini na tatu, nami nilipita juu ya matundu yale moja moja bila kuyasoma.*

*Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kwa vidole vitatu. Nilivikata, siwezi kuvirudisha. Namba za mgongoni nilizitupa. Ya kwanza ilikuwa ya dada yangu.*

*Mpwa wangu aliwaambia mimi ni mtu wa utani ili kunisitiri. Mimi kwa miaka mitatu nimekuwa nikijitenga naye njiani kwa sababu ya rangi za uso wake. Naandika hili mlijue kwa sababu mtu atauliza kwa nini fundi hakumwuliza mwenye kazi kabla ya kufumua. Nilikuwa sijazoea kumwuliza.*

*Barua hii mnaweza kuisomea watu.*

Sentensi ya mwisho ilimchukua muda kuliko nyingine zote. Aliifuta, akairudisha, akaweka sahihi kwa jina lake kamili.

Binti alikuwa sebuleni, uso mtupu, hana hata poda. Mzee Pasi hakuwahi kufikiri kwamba uso huo mtupu ungemuuma kuliko mdomo wa kijani. Alimpa barua. Binti aliisoma amesimama, mara mbili, akairudisha.

"Wataibandika ubaoni, mjomba. Pale kila mtu hupita."

"Waibandike."

"Sijakusamehe."

"Sikuja kuomba hilo."

Aliitikia kwa kichwa, akaingia jikoni kwa mama yake.

Posta ilikuwa na watu wanne. Karani alikuwa kijana aliyevaa shati la Mzee Pasi mwenyewe, la mwaka juzi, kola bado imesimama.

"Karibu, Mzee Pasi. Barua ya chuo? Wamekupa tuzo nini?"

"Hapana. Nimeharibu koti la mtu."

Karani alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mzee Pasi alikunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi. Ilikuwa chungu. Akaibonyeza kwa kidole gumba kutoka kona hii hadi kona ile, akaisukuma chini ya kioo. Karani akabandika stempu, akagonga muhuri, akaitupa kwenye gunia.

"Imekwenda," alisema.